Chupa Mbili za Maji ya Mlimani

Ninyi vijana mnaopita hapa Ruhuwiko mkitoka mjini mmezoea kunitania. "Shikamoo mzee. Hivi ni kweli kazi yako ilikuwa kuonja matope?" Marahaba, na ni kweli. Nimeonja matope ya vijito vingi kati ya Matogoro na milima ya Umatengo, na tumbo langu halikuwahi kulalamika. Kwa kuwa hamwishi kuuliza, na kila nikisimulia mnacheka kabla sijafika popote, nimeona niandike. Karatasi haikatizwi maneno.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora ramani ya milima na mabonde, na kuufuatilia mchanga na udongo unaoshushwa na mito: unatoka wapi, unapita wapi, unakwenda kulala wapi. Aliyetawala wakati huo ni Mdachi, yaani Mjerumani, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha majuzi tu. Nasema vimekwisha, lakini kwetu vilikuwa vimehamia tumboni. Maghala yalichomwa, mbegu zikaliwa, watu wakachimba mizizi porini. Kaka yangu alinyunyiziwa ile dawa ya maji iliyosemwa ingezifanya risasi kuwa matone. Aliondoka nyumbani akiimba, hatukumwona tena. Basi msinikazie macho mkiniuliza kwa nini nilimfanyia kazi Mdachi. Nilikuwa na njaa, na kambi ya wapimaji ilikuwa na chungu cha uji.

Bwana mwenye kazi tulimwita Bwana Mawe. Alikuwa Mdachi mrefu mwenye ndevu nyekundu, na mifuko ya koti lake ilijaa mawe mpaka koti likamvuta mabega. Akiokota jiwe alilitazama, akalilamba, akalizungumzia peke yake kwa Kidachi, kisha akalitia mfukoni. Wapagazi walidhani ni mgonjwa. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kufanya vilevile.

Lakini mtu ninayetaka mmjue ni Maalim Shaibu. Huyu alikuwa mtu wa Pwani, aliyesomea kuchora ramani shule ya serikali kule Tanga, na ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Mwembamba, mpole, mwenye ulimi mkali. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli, akaufunika juu ya karatasi zake, mwenyewe akalowa mpaka mfupa. Nilimwuliza mara moja kwa nini asijifunike na yeye kidogo. Akanijibu, "Mimi nikilowa nitakauka. Ramani ikilowa itasema uongo."

Watu wa kwetu hawakumpenda, na mimi mwanzoni sikumpenda pia. Kila aliyetoka Pwani akiwa na kofia na karatasi tulimhesabu kuwa mtu wa boma, na boma ndilo lililotuchomea. Tulipoingia kijijini na mnyororo wa chuma wa kupimia, watu walikimbilia porini wakiamini tumekuja kuwafunga shingo. Maalim hakukasirika. Aliuweka mnyororo chini, akaketi kando yake, akasubiri. Akipata mtoto jasiri wa kurudi kuchungulia, alimwachia ashike ncha moja, wakapima pamoja urefu wa kibanda cha mbuzi. Mama wa mtoto akitoka kichakani kumfuata mwanawe, kazi ilikuwa imeanza.

Alinifundisha kusoma mto usio na maji. Angalieni mawe bapa katika mto mkavu. Mto wenye nguvu huyalaza yakiegemeana, kila moja limeegemea mwenzake wa upande wa chini, uso wake ukitazama kule maji yanakotoka. Ukikuta jiwe kubwa limelala hivyo, usiulize mto ulikuwa mkubwa kiasi gani, jiwe limekwisha kukuambia. Siku ya kwanza aliyoniachia kalamu niliyasoma mawe kinyume, nikachora mshale wa maji ukielekea kileleni. Maalim aliutazama mchoro muda mrefu. "Hongera sana," akasema. "Umegundua mto unaopanda mlima. Tutaupa jina lako." Wapagazi wakaniita Mto Panda hadi kambi ilipovunjwa.

Alinifundisha pia kutazama miti. Shina la mti hutanuka pale linapoingia ardhini. Ukikuta mti mkubwa umezama wima kama nguzo, hauna kutanuka popote, ujue miguu yake iko chini zaidi. Kuna kitu kimeufukia, na mara nyingi ni mto.

Sasa tuje kwenye kuonja. Udongo wa mtoni una chembe kubwa, chembe ndogo, na ule laini kabisa ambao vidole haviwezi kuupambanua. Meno yanaweza. Chukua kidogo, weka kwenye meno ya mbele, saga polepole. Ukikwaruza, kuna mchanga mwembamba ndani yake. Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi mtupu, na umesafiri katika maji yaliyotulia. Maalim alikuwa hodari wa jambo hili kuliko hata Bwana Mawe. Ila Ramadhani ilipofika, akafunga, na mchana hakuweza kutia kitu kinywani. Basi akanifanya mimi kuwa meno yake.

"Vipi hapo?" ananiuliza.

"Unakwaruza, Maalim."

"Sana au kidogo?"

"Kidogo, kama ugali wa mpishi wetu."

"Alhamdulillahi. Andika mchanga mwembamba. Na mpishi asisikie."

Ndivyo nilivyoifunga Ramadhani ile, nikila matope asubuhi hadi jioni kwa niaba ya Mwislamu.

Katika mwezi huohuo ndipo lilipotokea jambo la Bibi Kinunda. Upande wa machweo wa Songea, kwenye njia ya kwenda Umatengo, kulikuwa na mlima mmoja wenye vijito viwili. Kimoja kilishuka upande wa mashariki, kingine upande wa magharibi, vikakutana chini kwenye uwanda mpana, tambarare, karibu na barabara. Upande wa mashariki waliishi wajane wachache na watoto. Upande wa magharibi hapakuwa na mtu. Wote waliolima kule walikufa vitani, au walikufa kwa njaa baada ya vita, au walikimbilia kwa ndugu na hawakurudi.

Amri ilikuwa imetoka bomani: wajane wale wateremke wahamie uwandani kabla ya kupanda, ili wawe karibu na barabara na jumbe wa serikali aweze kuwaona. Nguzo za nyumba zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Kazi yetu ilikuwa kuuchora uwanda ule katika ramani na kusema kama unafaa.

Bibi Kinunda ndiye aliyekuwa mkubwa wa wajane. Alikuwa amepoteza mume na wanawe wote wa kiume, amebaki na wajukuu wawili. Tulimkuta akilima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo. Kwa kuwa vijana wa mjini siku hizi mnayaona kwa mbali tu, nitawaeleza. Nyasi hufyekwa zikalazwa kwa mistari, mistari ikakatana na mingine, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika zile nyasi. Pale katikati hubaki shimo, na juu ya kingo zake hupandwa maharage au mahindi. Mlima mzima hujaa mashimo yaliyopangana. Mvua ikinyesha maji huingia shimoni, yanatulia, udongo unabaki palepale. Kuulima mlima ule mkali bila kuupoteza ni akili kubwa, na Bwana Mawe alipouona mara ya kwanza alivua kofia.

Maalim alimsalimu kwa heshima. "Shikamoo, bibi."

Jembe liliendelea kushuka na kupanda. "Kwa mtu wa boma sina marahaba," akasema.

Maalim akachuchumaa pembeni, kama alivyokuwa akifanya na mnyororo. Baada ya muda akauliza, "Kwa nini hamtaki kuteremka, bibi? Kule chini ni tambarare, na jembe litakuwa jepesi."

"Kule ni kitanda cha mto," akajibu bila kumtazama. "Mwenyewe hayupo, ndiyo maana mnakiona kitupu. Walipokuwa hai watu wa upande wa pili, na ngoro zao zilikuwa hai. Sasa nani anazitunza? Mlima wao unateremka. Mnipeleke nikalale njiani kwake na hawa watoto? Nimezika vya kutosha."

Niliposikia maneno yale nilimkumbuka mama yangu.

Tulirudi tukamweleza Bwana Mawe. Hakudharau. Aliteremka nasi uwandani, Maalim akamwonyesha miti iliyozama wima. Tukachimba kando ya mti mmoja, na ukuta wa shimo ukawa na matabaka: mchanga, tope, majani yaliyooza, mchanga tena. Bwana Mawe aliingia shimoni na koti lake, akayapapasa matabaka yale kwa furaha ya mtu aliyekuta ndugu. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa kazi.

"Mto ulifanya haya zamani," akasema. "Boma wataniuliza kama unayafanya na leo. Mto wa zamani hauwatishi. Nionyesheni mchanga unaotoka sasa, na unakotoka."

Sikumwona mbaya kwa kusema hivyo. Ndivyo kazi ilivyo. Usichore usichokiona, hata kama moyo wako unakijua.

Maalim ndiye aliyefikiria chupa. Kambini zilikuwepo chupa tupu za mvinyo wa Bwana Mawe, nyingi kuliko alivyotaka tuzione. Akasema mvua kubwa ya kwanza ikishuka, nichote maji ya kijito cha mashariki katika chupa moja na ya magharibi katika nyingine, saa ileile, kisha tuyaache yatulie. Udongo ungekaa chini, na kila mwenye macho angeona ni mlima upi unaoondoka. Ila chupa zisimwagike kwa namna yoyote. Mvua ya kwanza ndiyo inayofagia, na wajane walikuwa wahame kabla ya ya pili.

Mvua ilikuja mchana. Nilichota, nikaziba, nikazitia chupa kwenye kikapu nikakibeba kifuani kama mtoto mchanga. Maalim alibaki nyuma akimalizia mchoro wake chini ya mwavuli. Njia ya kambini ilipita katikati ya vibanda vya kijiji jirani, na mimi, kwa furaha ya kazi kwenda vizuri, nilikuwa nimesahau nilikuwa nchi gani.

Mzee mmoja alitoka mlangoni. Akakitazama kikapu, akazitazama chupa, macho yakamtoka. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mmeleta tena?"

Nilimwambia hapana, mzee, haya ni maji ya mto tu. Lakini ile ya kwanza nayo iliitwa maji tu, na waliopita nayo nao walisema kwa upole. Hakuniamini. Mwingine akatoka, na mwingine. Wengine walirudi ndani na kufunga milango. Wengine wakaanza kunifuata kimyakimya, na hao ndio walioniumiza zaidi, maana nyuso zao zilikuwa na tumaini. Baada ya kufiwa vile, bado walikuwa na tumaini. Nilitamani kulia na nilitamani kukimbia.

Askari wa doria walitukuta hivyo: kijana wa Kingoni na chupa za maji kifuani, na watu nyuma yake. Niambieni, ninyi mngedhani nini? Walionyongwa wakati ule walikuwa wamenyongwa kwa chini ya hapo. Ombasha, mkubwa wao, alikuwa akitafuna muhogo wa kuchoma. Akanielekezea bunduki, muhogo bado uko shavuni.

"Dawa hiyo! Mwaga chini!"

Nilikikumbatia kikapu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, pengine ulikuwa woga tu ulionigandisha mikono. Ndipo Maalim alipotokea mbio, kanzu imekunjwa hadi magoti, mwavuli mkononi.

"Ni maji ya mto, ombasha. Ya kazi ya Bwana."

"Kama ni ya mto, kunywa tuone."

"Siwezi. Nimefunga." Maalim akautazama ule muhogo, kisha akamtazama ombasha usoni, taratibu. "Wewe ni Mwislamu, ndugu yangu. Leo ni Ramadhani. Ungependa tuzungumze habari za kula na kunywa mchana, mbele ya askari wako?"

Ombasha aliumeza ule muhogo mzima. Mmoja wa askari akageukia pembeni, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Lakini ombasha alikuwa na bunduki, na mtu aliyeaibishwa ni wa hatari kuliko mwenye hasira. "Basi zimwagwe," akasema.

Hapo ndipo nilipomjua Maalim Shaibu. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, akaikutanisha. "Wallahi, umetimiza kazi yako. Umekamata watu na dawa. Tufunge, utupeleke bomani, uzipeleke na chupa kama ushahidi. Ukizimwaga, utamwonyesha nini bwana wa boma? Chupa tupu za mvinyo?"

Ombasha alifikiri. Nilimwona akiuona mstari wa pili wa cheo begani mwake. Akatufunga kamba viunoni, akaacha mikono ya Maalim huru ili abebe kikapu, na safari ya bomani ikaanza. Sijapata kuona mfungwa anayewaamrisha wanaomfunga kama yeye. "Polepole hapo, kuna mizizi. Usinivute, ndugu, utazitikisa." Mbele ya mteremko mmoja aliwasimamisha askari wote mpaka apate pa kukanyaga. Watu walitukimbia njiani. Yeye alikuwa na njaa na kiu ya siku nzima, amefungwa kama mwizi, na macho yake hayakuondoka kwenye zile chupa.

Tulilala kwenye mahabusu, chupa zikalala barazani zikilindwa na askari mwenye hofu nazo. Asubuhi bwana wa boma alitoka na bastola mkononi, maana alikuwa ameambiwa dawa imerudi. Akasimama mbele ya chupa. Zilikuwa zimetulia. Moja ilikuwa na maji angavu na utando mwembamba chini. Nyingine ilikuwa imejaa tope jekundu karibu nusu.

"Hii ni nini?" akauliza.

Maalim alisimama, kamba bado kiunoni. "Hiyo nyekundu, Bwana, ni mashamba ya watu waliokufa. Yanateremka. Na hiyo nyeupe ni mashamba ya Bibi Kinunda. Yamebaki mlimani kwa sababu mwenyewe yupo. Ukimteremsha, nayo yatamfuata."

Sikuwahi kusikia mtu akisema "waliokufa" mbele ya bwana wa boma bila kuinamisha sauti. Nilidhani tumekwisha. Lakini Bwana Mawe alifika wakati huohuo, ramani chini ya kwapa, ndevu zimesimama kwa hasira. Walibishana kwa Kidachi ndani ya ofisi muda mrefu, na kupitia dirishani nilimwona akitoa mawe mifukoni na kuyapanga juu ya meza, moja baada ya jingine, mpaka bwana wa boma akakosa pa kuweka mikono. Walipotoka tulifunguliwa. Amri ilikuwa imesogezwa: wajane wabaki mlimani hadi masika yapite, kisha itazamwe upya.

Maalim alipanda mwenyewe kumpelekea Bibi Kinunda habari. Bibi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jembe. Kuhusu mahabusu hakuuliza, na Maalim hakumwambia. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye akasema, "Mwache. Hatukuja kudai marahaba."

Vijana, masika ya mwaka ule yalikuwa masika. Kulipokucha baada ya usiku wa mvua kubwa kuliko zote, tuliteremka kupima uwanda na hatukuuona. Mto ulikuwa umehama njia yake. Mchanga na magogo vilikuwa vimelala kutoka ukingo hadi ukingo, na zile nguzo za nyumba zilichungulia nchani tu. Bwana Mawe hakuokota jiwe hata moja. Alisimama ameshika kofia.

Bibi Kinunda alikuwa amefika kabla yetu, na wajukuu wake wawili. Alitembea juu ya mchanga akizitazama zile ncha za nguzo, akakisia ya nyumba iliyokuwa iwe yake, akasimama. Akamwambia yule mdogo, "Lala hapo."

Mtoto akalala chali. Mchanga ulikuwa laini na wa baridi, akacheka, akatandaza mikono.

Bibi akamgeukia Maalim Shaibu. "Usiku wa jana angekuwa amelala hapohapo," akasema. "Ila chini."

Maalim akageuza uso kuelekea mlimani. Bibi Kinunda akamwinua mjukuu wake, akamkung'uta mchanga mgongoni, kisha akamsogelea yule mtu wa Pwani na kumshika mkono kama anavyoshikwa mtu wa nyumbani.

"Twende juu, mwanangu," akamwambia. "Maharage ya kwanza yameiva."